Jengo la kwanza la wapangaji na niliyojifunza kwenye kupatana bei

Kila nikikaa na watu wanaotaka kuanza kununua majengo ya kupangisha maswali huwa ni mawili, hela ulitoa wapi, na ulimwambia nini muuzaji mpaka akashusha bei. La kwanza nitaligusa, ila la pili ndo naliona muhimu zaidi maana wengi wanadhani kupatana bei ni maneno, kwamba mwenye ulimi mtamu ndo anapata jengo kwa bei nzuri. Mi nilichokiona ni kwamba ukishafika kwenye kuongea kazi kubwa inakuwa ilishaisha, ilifanyika ukiwa peke yako na makaratasi na kikokotoo, na kama hukuifanya basi muuzaji atakupeleka anakotaka yeye hata uwe muongeaji kiasi gani.

Tuanzie kwenye hesabu sababu bila hiyo mengine yote hayasimami. Nyumba ya kuishi bei yake inafuata nyumba za jirani zimeuzwa kiasi gani, lakini jengo la wapangaji bei yake inatoka kwenye hela linayoingiza. Chukua kodi yote ya mwaka kama jengo limejaa, iite 100. Toa ule muda ambao apatimenti zinakaa tupu pamoja na wasiolipa, tuseme 8, imebaki 92. Alafu toa gharama za kuliendesha, yaani matengenezo, ulinzi, usafi, bima, kodi ya serikali, umeme na maji ya sehemu zinazotumiwa na wote, na malipo ya msimamizi hata kama utasimamia mwenyewe (muda wako nao ni hela, na kuna siku utachoka). Kwa jengo lenye umri wake mi huwa naweka kama 40 na sishuki hapo bila kuona risiti. Inabaki 52. Hiyo ndo pato halisi, na marejesho ya mkopo hayamo humo, mkopo ni mambo yako wewe na benki, jengo lenyewe halijui umekopa au umelipa taslimu.

Sasa uliza wanunuzi wa majengo ya aina hiyo kwenye eneo hilo wanataka pato liwe asilimia ngapi ya bei. Wakitaka 8% unagawa 52 kwa 0.08 unapata 650, wakitaka 10% unapata 520. Jengo lilelile, wapangaji walewale, na hapo kuna tofauti ya 130. Na angalia kitu kingine, kwa hiyo 8% kila 1 ya pato la uongo anayoiingiza muuzaji kwenye karatasi yake inapandisha bei kwa 12.5. Kwa hiyo akikuletea karatasi inayosema jengo limejaa mwaka mzima na gharama ni 25 tu, pato lake ni 75 na bei inakuwa karibu 940, na wewe umekaa pale unapambana akushushie 5% unaona umeshinda, kumbe ungetakiwa kurudi kwenye ile karatasi na kuuliza gharama za 25 zimetoka wapi.

Ndo maana kitu cha kwanza ninachoomba ni makaratasi. Orodha ya wapangaji na kodi zao, mikataba yao yote, taarifa ya benki ya miezi 12, bili za maji na umeme, risiti za mafundi, karatasi za kodi ya serikali na bima. Orodha ya wapangaji yenyewe sio ushahidi wa kitu, yeyote anaweza kuiandika akiwa sebuleni kwake, ila benki inaonyesha hela iliyoingia kweli, kwa hiyo unaweka hivi viwili pamoja unapita mwezi kwa mwezi. Ukishamaliza unaomba kila mpangaji asaini barua fupi inayosema analipa kiasi gani, mkataba wake unaisha lini, ameweka amana kiasi gani (ile hela ya dhamana anayorudishiwa akihama) na kama kuna ahadi yoyote aliyopewa na mwenye nyumba. Hiyo barua inaonekana kama usumbufu lakini inafukua mengi, mpangaji anaweza kuwa aliahidiwa miezi miwili ya bure kwa kuwa alipaka rangi mwenyewe, na ahadi hiyo ukinunua jengo inaweza kuwa ya kwako.

Jengo langu la kwanza lilikuwa na apatimenti nane, muuzaji ni mzee mmoja mstaarabu sana na mkewe, orodha yao inasema zote nane zinalipa. Taarifa ya benki inaonyesha sita. Watu wengi hapo wangemrukia mzee wamwambie unanidanganya, na biashara ingeishia palepale, maana mtu akishavunjiwa heshima mbele ya mkewe hata umpe bei anayoitaka hakuuzii. Mi nilimuuliza tu, "Mzee, hizi mbili sijaziona kwenye benki, labda zinalipwa mkononi?" alafu nikanyamaza. Akakaa kimya muda, mama ndo akaanza kuongea, kwamba moja anakaa mtoto wa dada yake mzee na hajawahi kulipa, anaangaliaangalia jengo, na ya pili mpangaji alishaacha kulipa siku nyingi na wameshindwa kumtoa. Hakukuwa na ugomvi wowote. Kuanzia hapo tulikuwa tunaongelea jengo la apatimenti sita zinazolipa na wote watatu tunalijua hilo, na bei yenyewe ikaanza kujisogeza.

Huko kunyamaza ndo kitu kigumu kuliko vyote kwenye kupatana bei na nakisisitiza kwa kila mtu. Ukiuliza swali, nyamaza. Ukitaja ofa yako, nyamaza. Kimya kinauma na mtu wa kwanza kushindwa kukivumilia ndo anaanza kujipunguzia mwenyewe, nimeshaona mnunuzi anataja ofa nzuri kabisa alafu muuzaji ameinama anafikiria, sekunde chache tu, mnunuzi anasema "lakini tunaweza kuongea" na palepale ameshatupa hela bila hata kuombwa.

Mzee akasema, mwanangu, hizo mbili ukishazipangisha jengo linarudi nane na hela inarudi. Ni kweli, na hii hoja utakutana nayo kila mahali, wauzaji wanapenda kukuuzia jengo jinsi litakavyokuwa na sio jinsi lilivyo. Jibu langu lilikuwa kwamba kazi ya kuzisafisha, kumtoa asiyelipa kwa kufuata sheria, kutafuta wapangaji wapya na kuvumilia miezi ya kukaa tupu vyote vitakuwa vyangu, kwa hiyo na faida yake inatakiwa iwe yangu. Ila sikuishia kukataa, nikampa njia mbili achague: anikabidhi apatimenti zote nane zina wapangaji wenye mikataba na wanaolipa, nami nilipe bei ya nane, au nilichukue kama lilivyo kwa bei ya sita na kidogo juu. Kumpa mtu njia mbili ambazo zote unaziweza kunasaidia sana kuliko kumwambia chukua au acha, anachagua mwenyewe na akishachagua anausimamia uchaguzi wake. Wakaenda kuongea na yule mpwa akahama kwa amani, na ile nyingine tukaikata kwenye bei.

Sasa kuna jambo ambalo kwangu limelipa kuliko mbinu zote, nalo ni kujua kwanini mtu anauza. Karatasi ya dalali siku zote imeandikwa sababu fulani nzuri. Sababu ya kweli unaipata ukikaa na mwenyewe, ukiongea naye mambo ya jengo, amelimiliki muda gani, limemsumbua wapi, akishauza anataka kufanya nini. Wengine ni urithi na ndugu watano wanataka kugawana haraka, wengine mkopo unakaribia kuiva, yaani siku ya kuumaliza wote imekaribia, na benki haitaki kuuongeza muda, wengine wameachana wanataka kila mtu achukue chake, wengine wamechoka tu. Kila sababu ina bei yake na masharti yake. Mwenye mkopo unaoiva anahitaji uhakika wa tarehe kuliko kiasi, ukimthibitishia kwamba benki imeshakukubali kwa maandishi na utamaliza kabla ya siku fulani atakupa punguzo ambalo tajiri mwenye ofa kubwa isiyoeleweka hatapewa. Ndugu wa urithi wanataka mambo yawe mepesi na kila mmoja aone hajaonewa, hapo usimshawishi mmoja pembeni, utawasha moto.

Mzee wangu alikuwa amechoka kupigiwa simu usiku bomba limepasuka. Akasema pia hela yote kwa mkupuo haihitaji, anaogopa watoto wataimaliza, angependa iwe inaingia kidogokidogo kila mwezi kama kodi alivyoizoea. Mi niliposikia hivyo nikafunga daftari nikaomba tuonane siku nyingine, nikaenda kupiga hesabu. Chukua mfano, muuzaji anataka 620 na wewe umefika 600 taslimu mmekwama. Mwambie sawa, 620 nimekubali, ila 500 nakupa siku ya kukabidhiana na 120 nakulipa kwa miaka 5, kila mwezi 2, bila riba. Kama riba ya benki ni 12% kwa mwaka, hiyo 120 ya kulipwa taratibu thamani yake leo ni kama 90, kwa hiyo umemlipa 590 kwa hela ya leo, umepungua hata chini ya ile 600 yako, na yeye anawaambia watu ameuza kwa bei yake na hajasema uongo. Namba zetu hazikuwa hizi ila umbo la biashara lilikuwa hili. Kuna tahadhari mbili tu. Benki inayokukopesha lazima ijue na ikubali kwamba kuna deni lingine, usiwafiche, na mkataba wa hilo deni uandikwe na wakili, useme nini kinatokea mwezi ukichelewa, nini kinatokea muuzaji akifariki, na kwamba una haki ya kumaliza mapema.

Tangu hapo mi huwa nasema bei moja, masharti mengi. Ukiona bei imegoma achana nayo kwa muda ongelea tarehe, malipo ya awali, nani analipa gharama za uhamisho, vitu gani vinabaki ndani, matengenezo gani yafanyike. Mara nyingi muuzaji namba yake ameshawatajia ndugu na marafiki na hawezi kurudi nyuma mbele yao, lakini masharti hakumtajia mtu.

Kuhusu ofa ya kwanza, watu wanabishana nani ataje bei kwanza. Kama hujui thamani ya jengo acha muuzaji ataje, ila kama umefanya hesabu yako vizuri mi naona utaje wewe, sababu namba ya kwanza inavuta zile zote zinazofuata. Sharti lake ni kwamba iwe na maelezo. Ofa ya chini bila sababu ni tusi, ofa hiyohiyo ikiwa na karatasi moja inayoonyesha kodi iliyoingia, gharama na asilimia uliyotumia inakuwa mjadala wa hesabu, na mtu mzima hakasirikii hesabu, ataonyesha ulipokosea au atakubali. Na usitoe namba ya mviringo, 600 inaonekana imetoka kichwani, 587 inaonekana imetoka mahali.

Ukianza kupanda panda kwa hatua zinazopungua. Ukiongeza 20, inayofuata iwe 8, alafu 3. Mwenzako bila wewe kusema kitu anaona unafika ukingoni. Ukiongeza 20, 20, 20 anajua kuna 20 nyingine ndani na atasubiri. Na usiongeze chochote bila kuomba kitu, hata kidogo: naongeza 8 lakini utanipa siku 10 zaidi za ukaguzi, naongeza 3 lakini mashine za kufulia zinabaki. Sio kwa ajili ya mashine, ni ili ajue kila akikuvuta na yeye anatoa. Alafu kabla ya kutoa hatua ya mwisho uliza, "tukikubaliana hapa kuna kitu kingine chochote kimebaki?" maana kuna wauzaji wanakubali bei halafu ndo wanaanza, aah na amana za wapangaji zinabaki kwangu, aah na kodi ya mwezi huu nachukua mimi.

Namba yako ya mwisho iandike kabla hujakaa na mtu. Sio kichwani, kwenye karatasi, na umpe mtu unayemheshimu. Mezani kuna joto fulani, umeshalipenda jengo, umeshaona jinsi utakavyopaka rangi ngazi, na 10 nyingine inaonekana ndogo sana. Namba iliyoandikwa umetulia ndo inakulinda. Dalali naye usimwambie hiyo namba hata mkiwa marafiki, yeye analipwa biashara ikikamilika na mara nyingi analipwa na muuzaji, kwa hiyo chochote unachomwambia hesabu kama muuzaji ameshakisikia. Ila mheshimu, mpe majibu haraka, ukikataa jengo mwambie kwanini, sababu dalali aliyeona unafanya unachosema ndo atakaekupigia simu kabla ya wengine.

Ukaguzi. Nenda na fundi wako, sio wa muuzaji wala wa dalali, na mkague paa, mabomba ya maji taka, mfumo wa umeme na dalili za maji kwenye kuta za chini, hivi vinne ndo vinavyokula hela. Ingieni kila apatimenti, sio mbili tatu mlizochaguliwa. Kwetu shida ilikuwa bomba la maji taka la chini lililokuwa limeoza, kwa juu huoni kitu. Nikachukua makadirio ya gharama kwa maandishi kutoka kwa mafundi wawili tofauti nikampelekea mzee makaratasi yenyewe, nikamwomba akate kwenye bei badala ya kutengeneza yeye, kwa sababu mtu anayeuza akitengeneza atatafuta fundi wa bei ya chini na hakuna wa kumlaumu. Akakata sehemu kubwa. Lakini hapa nina msimamo mkali kidogo: punguzo baada ya ukaguzi liombwe kwa vitu vilivyokuwa vimejificha tu. Kuna watu wanatoa ofa kubwa makusudi wamfunge muuzaji, alafu wiki ya mwisho wanaanza kushusha kwa nyufa ambazo waliziona siku ya kwanza. Sio haki, na soko la majengo ni dogo kuliko unavyodhani, madalali wanaongea.

Sasa hela. Kama unaanza huna mtaji mkubwa mi napendekeza jengo dogo, apatimenti mbili hadi nne, ukae moja mwenyewe upangishe zilizobaki. Unajifunza upangishaji ukiwa palepale, na sehemu nyingi benki inamkopesha kwa urahisi zaidi mtu anayekwenda kuishi humo. Kwanini sio nyumba moja tu? Mpangaji akihama nyumba moja umepoteza kodi yote, kwenye jengo la nane umepoteza 12.5%, na paa ni moja, msimamizi ni mmoja. Njia nyingine ni kushirikiana, mi nilishirikiana na ndugu yangu mmoja, yeye sehemu kubwa ya malipo ya awali mimi kazi yote ya kutafuta na kusimamia, na tuliandikishana kwa wakili kana kwamba hatujuani, nani anaamua nini, mmoja akitaka kutoka bei inapatikanaje. Undugu wetu mpaka leo uko salama na naamini ile mikaratasi imechangia.

Benki kwa majengo makubwa wanaangalia zaidi jengo kuliko mshahara wako. Kawaida wanataka pato halisi liwe angalau mara 1.2 au 1.25 ya marejesho ya mwaka, yaani kwa ile 52 yetu, ukitumia 1.25, marejesho yasizidi kama 41.6, na mara nyingi wanakopesha 70% hadi 80% ya thamani, iliyobaki utoe wewe. Hicho kipimo kitumie wewe kabla ya benki, na ukipige pia kwa riba iliyopanda pointi mbili (tuseme kutoka 12% kwenda 14%) kama mkopo wako riba inabadilika. Kama jengo linapumua kwa riba ya leo tu, hilo jengo bado bei yake iko juu. Na ukishalipia malipo ya awali baki na akiba, angalau miezi sita ya gharama na marejesho, mashine ya maji ikitaka kuharibika haitakuuliza kama umetoka kununua jengo.

Siku ya kukabidhiana watu wamechoka wanataka kusaini waondoke, na hapo ndo amana zinapopotelea. Amana za wapangaji ni hela zao, muuzaji anatakiwa akukabidhi zote au zikatwe kwenye bei, na kodi ya mwezi ule igawanywe kwa siku. Ukiacha hilo, mpangaji akihama atakudai wewe na atakuwa na haki. Sisi tuliandika barua moja kwa wapangaji wote ikiwa na saini ya mzee na zetu, kwamba mwenye jengo amebadilika, mikataba yenu iko palepale, amana zenu kiasi hiki tunazo sisi. Wapangaji wale walikuwa na hofu sana ya kufukuzwa, na nyumba ya mtu ni maisha yake, usimwache wiki nzima anakisia. Kodi tulikuja kupandisha mikataba ilipoisha na baada ya bomba kutengenezwa, na walio wengi walibaki.

Hivi sasa naangalia jengo jingine, apatimenti kumi na mbili. Muuzaji anasema limejaa na gharama zake ni 22 kwa kila 100. Nimemwomba dalali taarifa ya benki ya miezi 12 na bili za maji, ameniambia mwenyewe anataka kwanza asikie ofa. Nimemjibu kwamba ofa ipo, ila itaandikwa juu ya hizo taarifa, akizileta atakuwa nayo ndani ya siku mbili.